Figa Moja Bremen, Mawili Kibondo

Jumamosi ya kwanza mjini Bremen, Generosa aliunguza vitunguu na kengele ya moshi iliyobandikwa darini haikulia.

Juzi yake ilikuwa imelia kwa sababu ya yai tu. Ililia mpaka mama wa ghorofa ya chini akapanda na taulo kichwani, akasimama mlangoni akisema maneno marefu, huku mumewe, Sylvesta, akiwa juu ya kiti anaipepea kwa karatasi ya matangazo ya duka. Sasa vitunguu vilikuwa vyeusi, mafuta yanarukaruka kwenye kikaango, na jikoni hapakuwa na moshi wala harufu. Generosa aliinamisha pua karibu na kikaango. Hakusikia kitu. Akavimwaga, akamenya vingine.

"Leo mbona kama hupiki?" Sylvesta aliuliza kutoka chumbani.

"Njoo ule, utajua kama nimepika."

Walikula. Ladha ilikuwepo. Harufu ndiyo haikuwepo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika jikoni tangu juzi. Generosa alikuwa amemaliza kufungua mabegi, na figa alilokuja nalo alikuwa amelisimamisha pembeni ya jiko la umeme, kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo wenyeji wa Bremen huweka mashine ya kahawa. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, jeusi upande uliolishwa moto, jekundu upande wa pili. Uwanja wa ndege Dar es Salaam mizani ilikataa begi. Generosa alitoa viatu vya Sylvesta vya baridi, akampa binamu aliyewasindikiza, akaliacha jiwe ndani ya begi. Ndiyo maana Sylvesta alishuka Ujerumani mwezi wa Oktoba akiwa amevaa makubazi.

Kwa akina Sylvesta, mwanamke anapohama huchukua figa moja la jiko la zamani ili moto wa nyumba mpya umtambue. Bibi yake, Ndayikeza, alivuka nalo mpaka wa Mabamba likiwa limefungwa kwenye kanga, mtoto yuko mgongoni, mwaka ule walipokimbia Burundi. Kibondo aliokota mengine mawili, akayasimamisha pamoja na hilo, akapika. Generosa alipokuwa anachagua la kubeba, alichagua hilo la Burundi kwa sababu lilikuwa limezoea safari.

Asichokijua ni nusu ya pili ya desturi. Ukishachukua figa moja, yale mawili yanayobaki unayalaza, ili jiko lielewe kwamba kazi imekwisha. Generosa ni Muha wa Kabanga, na kwao hakuwahi kuona mtu akihama na jiwe. Mama mkwe ambaye angemwelekeza alikuwa ameshafariki. Naye Sylvesta alikuwa amekula chakula cha jiko lile maisha yake yote bila kuuliza limesimamaje. Kwa hiyo mafiga mawili yalibaki wima Kibondo na moja likawa wima Bremen, na jiko likaendelea kuwa moja. Joto lilibaki na sufuria. Moshi ulikwenda nyumbani.

Jioni hiyo ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Sylvesta. Ulitoka kwa bibi Yusta, jirani yao wa Kibondo, shoga wa marehemu Ndayikeza, ambaye walimwachia ufunguo wa nyumba na simu ya kupangusa.

"Mwidiwe, wajukuu. Mimi mzima, mguu tu unaniuma. Nauliza, mmerudi? Maana jikoni kwenu kunafuka. Nimepiga hodi hakuna anayeitika. Kama mmerudi mkajifungia mle peke yenu, semeni."

Sylvesta alimpigia. "Hatujarudi, bibi. Tuko huku."

"Mmepika nini leo?"

"Vitunguu."

"Basi ndivyo hivyo. Vimeungua."

Asubuhi yake bibi Yusta alifungua jiko la nje, lile dogo la udongo nyuma ya nyumba. Majivu yalikuwa baridi. Katikati ya mafiga mawili, pale penye pengo, moshi ulikuwa unapanda taratibu, unanukia chai ya tangawizi. Aliutazama ulivyokuwa unapotea bure. Akarudi kwake, akaleta mahindi yake ya mbegu, akayaning'iniza juu ya moshi yasiliwe na dumuzi, akafunga mlango, akaenda shamba.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi. Kabanga, Generosa alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Bremen, mpaka vyeti vyake vitambuliwe, alikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee: kulisha, kuogesha, kubadilisha mashuka, kuitikia kwa jina ambalo wazee walishindwa kulitamka. Sylvesta, aliyekuwa akinunua maharage Mabamba na kuyauza Kasulu, alikuwa akienda darasani kila mchana kujifunza Kijerumani. Mwalimu alimfundisha kusema anatoka wapi. Sentensi hiyo aliiweza siku ya kwanza.

Kitongoji nacho kilikuwa kinaishi nao. Kilijua siku walipopata mawese kwenye duka la Mkongo. Kilijua siku Generosa alipopokea mshahara, kwa sababu ilinukia nyama. Alhamisi moja bibi Yusta alipiga simu kabla hawajanyanyuka mezani.

"Hicho kilikuwa nini?"

"Kabichi, bibi. Ya kwao. Wanaichachusha."

"Mkamwana, mbuzi wa kwangu wamekata kamba. Usiirudie."

Generosa hakuirudia.

Kisha ikaja simu ambayo bibi Yusta aliongea kwa sauti ya chini.

"Raymond amepita hapa na Hashimu. Wamesimama uani kwenu wanapima kwa macho."

Raymond ni mwenyekiti wa kitongoji. Hashimu ni mnunuzi wa mahindi, na alikuwa anatafuta mahali pa kujenga ghala, karibu na barabara ya Mabamba, pasipotuama maji.

"Anasemaje?" Sylvesta aliuliza.

"Anasema kiwanja kisichokaliwa kinarudi kijijini. Anasema nyinyi mmerudi kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Nami ndivyo nilivyomuuliza. Akasema, kwao."

Sylvesta alizaliwa kwenye nyumba hiyo, chumba cha kushoto. Ukutani sebuleni kulikuwa na hati ya uraia ya baba yake ndani ya fremu yenye kioo, na nje, kati ya migomba, palikuwa na kaburi la Ndayikeza. Aliuliza kikao cha kitongoji kitakuwa lini.

Bibi Yusta alikwenda kwenye kikao bila kuitwa. Alisimama na fimbo yake akawakumbusha watu jinsi wanavyoishi. Pale kitongojini, nyumba isipofuka asubuhi, jirani huenda kugonga mlango, maana huenda mtu amefia ndani. Nyumba ikifuka, hakuna anayeuliza kama ina watu.

"Nyumba ya Ndayikeza inafuka," alisema. "Kila mwenye pua anajua."

Wazee waliguna kukubali. Mmoja akasema juzi yalikuwa maharage yenye nazi. Mwingine akasema nazi haikutosha. Raymond hakuweza kubisha, kwa kuwa mke wake alikuwa anaanika nyama kwenye moshi huo huo kwa ruhusa ya bibi Yusta.

"Sawa," alisema. "Ikifuka asubuhi na jioni bila kukosa mpaka kikao cha mwezi ujao, tutasema inakaliwa. Ikikosa, tutasema vinginevyo."

Habari zilifika Bremen jioni ileile. Generosa alikuwa anavua viatu.

"Asubuhi na jioni?" aliuliza.

"Bila kukosa."

"Asubuhi ya Kibondo huku bado giza. Nami zamu yangu inaanza alfajiri." Alimtazama mumewe kutoka miguuni hadi kichwani kama anayemkadiria mgonjwa kabla ya kumnyanyua. "Utapika wewe."

"Mimi?"

"Kiwanja ni cha bibi yako au cha bibi yangu?"

Sylvesta akaanza kupika. Alianza na uji kwa sababu Generosa alisema hata uji ukimshinda basi wauze kiwanja wenyewe. Aliamka gizani, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akasimama mbele ya jiko la kioo huku mvua ya Bremen ikipiga dirishani, akakoroga. Kitongoji kilijua siku hiyohiyo.

"Nani anapika sasa?" bibi Yusta aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Nilisema. Huku wanawake wanacheka tangu asubuhi. Mama Rosa anasema usikoroge kama unatafuta kitu kilichozama."

Alijifunza. Alijifunza ugali, akajifunza isombe kwa majani ya kisamvu yaliyogandishwa ya duka la Mkongo, akajifunza kwamba chumvi huingia mwisho kwenye maharage. Darasani alisinzia juu ya vitenzi. Akirudi alifanya kazi ya nyumbani kwenye meza ya jikoni, sufuria iko motoni, na kila alipokosea sentensi alinyanyuka kukoroga, na kila alipokoroga alirudia sentensi, mpaka Kijerumani chake na mapishi yake vikawa vya kiwango kimoja.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wajerumani walirudisha saa zao nyuma. Hakuna aliyewaambia. Simu ilijirekebisha yenyewe, ikachelewa kumwamsha Sylvesta kwa saa moja, na Kibondo jua likatoka huku jikoni hakufuki. Bibi Yusta alikuta Raymond amesimama barabarani, mikono mfukoni, anatazama paa.

"Bado asubuhi," bibi Yusta alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Wala usiseme."

Akaingia kwake, akapiga simu, akapiga tena, mpaka Sylvesta akapokea. "Amka! Mnataka nikaunguze matambara humo ndani?" Alipokuwa bado anafoka, moshi wa kwanza ukatoka kwenye bati, mwembamba. Raymond akatoa mikono mfukoni akaenda zake. Kuanzia siku hiyo Generosa aliandika saa ya Kibondo kwa kalamu nyeusi, akaibandika juu ya jiko.

Mama wa ghorofa ya chini alilalamika. Alisema anasikia watu wanapika alfajiri lakini hasikii harufu, na jambo hilo linamkosesha usingizi zaidi kuliko harufu yenyewe. Bwana Krause, mtunza jengo, akapanda na ngazi fupi. Aliibonyeza kengele, ikalia. Aliipulizia kitu cha kopo, ikalia. Kisha akasimama kutazama dagaa wa Kigoma wanavyokaangwa mpaka kukauka, na kengele ikanyamaza.

"Moshi uko wapi?" aliuliza polepole, ili Sylvesta aelewe.

Sylvesta alitafuta maneno. "Moshi uko nyumbani," alisema.

Bwana Krause alilitazama figa, akalitazama jiko, akaandika kwenye karatasi yake kwamba kengele ni nzima. Alipokuwa anakunja ngazi alisema mama yake alikuwa na ufunguo. Aliuweka kwenye droo ya vijiko hadi alipokufa.

"Ufunguo wa nini?" Generosa aliuliza.

"Wa nyumba yao. Upande wa mashariki. Vita vilipoisha mpaka ulihama, wao wakafukuzwa."

"Nyumba bado ipo?"

"Ipo. Wapo watu wengine ndani." Akachukua dagaa mmoja kwa vidole, akatafuna, akatikisa kichwa kukubali, akashuka. Mama wa chini hakulalamika tena.

Siku ya kikao ilikuwa Jumamosi, na Generosa alikuwa zamu. Kibondo ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Raymond alikuja jioni na wazee, na Hashimu, na kijana mwenye futi ya kupimia, na watu wengine waliofuata kuona. Bibi Yusta aliinyanyua simu juu ili Sylvesta aone ua wao. Aliona migomba imekua. Aliona mlango wa jikoni, na bati lenye kutu pembeni, na viatu vya Raymond vimejaa matope.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Baridi inawawezaje huko?"

"Tunaizoea."

"Haya. Tuone."

Sylvesta aliiegemeza simu kwenye figa. Akawasha jiko hadi mwisho, akabandika kikaango kitupu, akangoja mpaka kikapata moto sana, akamimina mawese. Jikoni kwake hapakutokea kitu. Kibondo moshi ulitoka kwanza mlangoni, kisha kwenye pembe zote za bati, mwekundu kwa chini na mweupe kwa juu, ukajaa uani. Mvua haikuuvunja. Alitia vitunguu. Alitia dagaa. Alitia pilipili nzima nzima, na wazee wakaanza kukohoa, na kijana mwenye futi akapotelea ndani ya moshi na futi yake, zikasikika chafya zake tu. Hashimu alifunga pua kwa kofia. Watu waliosimama barabarani walisema hii sasa ni nyumba ya watu.

"Imefuka," bibi Yusta alisema, machozi yanamtiririka. "Mmeona wenyewe."

"Imefuka," wazee walisema.

Raymond alijifuta macho kwa kitambaa, pole pole, jicho moja kisha jingine.

"Moshi tumeuona," alisema. "Hakuna anayebisha. Hii nyumba inakaliwa, hilo nalisema mbele ya watu." Akakunja kitambaa. "Lakini kuna nyumba kukaliwa na kuna kiwanja kuwa cha mtu. Ndayikeza alipokuja hapa alipewa mahali pa kujishikiza. Mtu anayejishikiza siku moja huachia."

"Tulikuwa tunazungumzia moshi," bibi Yusta alisema.

"Tumeshamaliza moshi."

"Mwenyekiti," Sylvesta alisema kwenye simu. "Nimezaliwa hapo. Baiskeli umenifundisha wewe, kwenye huo mteremko unaoelekea mtoni. Ulishika tandiko ukakimbia nyuma yangu."

"Nakumbuka, mwanangu. Ulianguka kwa Mama Rosa." Raymond alitabasamu kidogo, na tabasamu lilikuwa la kweli. "Wewe ni mtoto mzuri. Hili si jambo la mtu."

"Hati ya uraia ya baba ipo ukutani."

"Ipo. Tutaitoa vizuri, kioo kisivunjike."

Kijana mwenye futi alitoka kwenye moshi, akashikisha ncha moja kwenye nguzo ya jiko, akaanza kupima. Wazee walitazama chini. Hakuna aliyesema uongo siku hiyo.

Bremen, Sylvesta alizima jiko. Dagaa walikuwa wamekuwa majivu. Generosa aliporudi alikuta mumewe anasugua kikaango, akajua, akavua koti, akashika upande wa pili wa kikaango wakasugua wote.

Nyumba ilibomolewa kabla ya Krismasi. Mafiga mawili hayakung'oka. Vijana wa Hashimu walijaribu kwa sururu, wakaambiwa wasipoteze muda, wakamwaga zege juu yake. Ghala likasimama, kubwa, bati jipya, mlango wa chuma. Kaburi la Ndayikeza likabaki nyuma ya ukuta, kwenye migomba michache iliyosalia. Bibi Yusta alihamisha mahindi yake ya mbegu na fremu ya hati, akavitundika kwake.

Siku zege lilipokauka, Sylvesta alikuwa amesimama mbele ya jiko la kioo. Alilishika figa kwa mikono miwili; bibi Yusta alikuwa ameshamweleza desturi ya kulaza mafiga.

"Nikililaza," alisema, "moshi utabaki huku. Tutafungua madirisha kama watu wengine."

Generosa alikuwa anafunga vifungo vya sare yake. Barua ya vyeti ilikuwa bado haijaja.

"Na kule?"

"Kule patakuwa safi."

"Basi liache," alisema. "Bandika sufuria."

Moshi ulipita kwenye zege kama ulivyokuwa ukipita kwenye udongo. Ulizunguka kati ya magunia asubuhi na jioni. Wanunuzi wa Kasulu walisema mahindi ya Hashimu yananukia jikoni, wengine wakayataka zaidi kwa sababu hiyo. Hashimu alitoboa bati, akaweka bomba refu la kutolea moshi, na kitongoji kikaendelea kujua saa kwa kulitazama bomba. Raymond akipita asubuhi alinyanyua mkono kulielekea. "Mwakeye," alisalimia, kama alivyosalimia miaka yote mbele ya nyumba hiyo, akaendelea na safari yake.

Mwezi wa Ramadhani Hashimu alipiga simu Bremen.

"Bwana Sylvesta, mimi Hashimu wa ghala. Sina ugomvi na wewe. Mimi niliuziwa, na karatasi ninazo."

"Najua unazo."

"Naomba jambo moja tu. Msikaange dagaa kabla jua halijazama. Vijana wangu wanabeba magunia na wamefunga."

Sylvesta alifunika simu kwa kiganja, akamweleza mkewe. Generosa alifikiri.

"Mwambie mwezi huu tutapika saa ya daku na saa ya futari," alisema. "Na kaburi la bibi lisiegemezwe gunia."

Hashimu alikubali la kaburi. Walitimiza ahadi, na yeye akatimiza yake. Kwenye karatasi za kijiji kiwanja kiliendelea kuwa chake.

Baada ya sikukuu, asubuhi moja ya mvua huko na theluji huku, bibi Yusta alipiga simu.

"Wajukuu, mwakeye. Leo mmepika nini?"

"Maharage," Sylvesta alijibu.

"Yameungua. Hashimu amefungua milango yote, yuko nje na mafaili yake, anakohoa. Raymond naye yuko hapo. Wote wananuka jikoni kwa Ndayikeza."

"Nimeyaunguza makusudi, bibi."

Simuni alisikika jogoo wa Kibondo, na mtu anayekohoa kwa mbali.

"Haya," bibi Yusta alisema. "Unguza na ya jioni."